Kijipicha Kinachouza Mchezo

Wenzetu mnaotunga michezo ya kompyuta, mnakesha miezi mingi mkiandika programu, halafu picha ya dukani mnaichora jioni moja! Kwenye duka la Steam picha hiyo hupunguzwa mpaka pikseli 120 kwa 45, karibu upana wa vidole viwili. Mnunuzi hataiona humo bandari nzima ya Lamu. Ataona tanga moja jeupe juu ya buluu iliyokoza. Basi chora tanga. Jina liwe nene na fupi: "Nahodha" litasomeka, "Safari ya Nahodha na Wanawe Saba" halitasomeka. Tangu Septemba 2022 Steam hairuhusu kubandika tuzo wala sifa za magazeti juu ya picha. Afadhali, zilikuwa zikifunika mchoro. Kabla ya kuipakia, mwonyeshe rafiki asiyecheza, ikiwa ndogo vilevile, umwulize: huu mchezo wa nini?