Fahamu: Tupperware ilivyokulia sebuleni
Mmarekani Earl Tupper alianza kuuza vyombo vyake vya plastiki mwaka 1946. Vilikuwa vyepesi, havivunjiki ovyo, na mfuniko ulibana hewa isiingie. Lakini madukani vilidoda. Mteja hakujua mfuniko ule unafungwaje, na hakukuwa na wa kumwonyesha.

Aliyeikwamua biashara ni Brownie Wise, mama aliyemlea mwanawe peke yake. Aliviuza kwenye mikusanyiko ya akina mama majumbani: unajaza bakuli, unabana mfuniko, unainua ukingo kidogo hewa itoke, kisha unalirusha bakuli upande wa pili wa sebule. Halimwagi hata tone! Mwaka 1951 Tupper aliacha kabisa kuuzia madukani, na mwaka 1954 Wise akawa mwanamke wa kwanza kutokea kwenye jalada la jarida la Business Week. Asante ya punda mateke: mwaka 1958 alifukuzwa, na mwaka huohuo Tupper akaiuza kampuni yake kwa kampuni ya Rexall.

Njia ileile ya kuuzia majumbani ndiyo iliyokuja kuibana kampuni. Akina mama wengi waliingia kazini, vyombo vya bei chee vikajaa, manunuzi yakahamia mtandaoni. Septemba 2024 Tupperware iliomba mahakama iikinge na wadai wake.