Je, Wajua? Wilaya Moja ya India Inaizidi Rwanda kwa Ukubwa

Kutch, katika jimbo la Gujarat, ndiyo wilaya kubwa kuliko zote nchini India: ina zaidi ya kilomita za mraba 45,000. Usidhani yote hulimwa. Sehemu kubwa ni Rann, tambarare inayofurika majira ya mvua za pepo za kusi, kisha hukauka na kubaki nyeupe kwa chumvi. Upande wa mashariki, wavunaji wa chumvi wa jamii ya Agariya huhamia huko maji yakishapungua, wakachimba visima, wakavuta maji ya chumvi na kuyaanika juani kwa miezi. Ni kazi ngumu yenye ujira mdogo.

Kutch ina ng'ombe, nyati, pamba na ufumaji pia. Tarehe 26 Januari 2001 tetemeko la ardhi liliubomoa mji wake mkuu, Bhuj, na kuua maelfu ya watu.

Lakini kwetu sisi wa Afrika Mashariki, jambo kubwa ni bandari ya Mandvi wilayani humo, ambako majahazi ya mbao yangali yanaundwa. Wafanyabiashara wa Kutch walivuka bahari kwa pepo za kaskazi hadi Unguja. Mmoja wao, Jairam Shivji, alikodishiwa na Sultani ukusanyaji wa ushuru wa forodha wa Zanzibar katika karne ya 19.