Karantini na Vipimo vya Wasafiri katika Mpaka wa Tunduma

Neno karantini limeingia katika Kiswahili kutoka lugha za Ulaya, na asili yake ni hesabu ya Kitaliano yenye maana ya arobaini. Katika mwaka 1377 mji wa bandari wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, uliamuru kwamba watu watokao mahali penye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye siku hizo zikawa 40, na hesabu hiyo ikawa jina la desturi yenyewe. Afrika ya Mashariki nayo haikuwa ngeni kwa jambo hili. Kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja, kilijengwa jengo kwa nia ya kuwa gereza, kisha kikageuzwa kuwa pahali pa kuwaweka abiria wa vyombo walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza.

Desturi hiyo, basi, ilizaliwa bandarini. Merikebu huja kwa njia moja, hutia nanga pahali panapojulikana, na abiria wake huweza kuhesabiwa mmoja mmoja. Tunduma si hivyo. Mji huo umo katika Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, nao umegusana na mji wa Nakonde wa Zambia hata mgeni aweza kuvuka asijue kwamba amevuka. Wanyamwanga wako pande zote mbili. Huoana, huzikana, na huuziana mazao na nguo. Hapo hapo hupita barabara kuu itokayo Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 900, iendayo Lusaka, na malori mengi huendelea hata Lubumbashi kwa njia ya Kasumbalesa.

Ili kuzifahamu sheria zilizowekwa wakati wa maradhi ya korona, ambayo Kiswahili cha Tanzania kiliyapa jina la UVIKO-19, yafaa kutofautisha mambo matatu ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni kumtenga mgonjwa, yaani mtu ambaye ugonjwa wake umekwisha kuthibitika. La pili ni karantini, nayo humhusu mtu asiye na dalili yo yote, ila yahofiwa kwamba amekwisha kuambukizwa. Siku 14 zilichaguliwa kwa sababu dalili za ugonjwa huo, zikija, huonekana kwa kawaida kati ya siku ya 2 na ya 14. La tatu ni kipimo, ambacho hutoa habari za saa ile sampuli ilipochukuliwa, wala hakina neno juu ya kesho. Aliyeambukizwa jana aweza kupimwa leo akaonekana mzima. Kwa hiyo cheti cha kipimo hakifanani na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo tangu mwaka 2016 hukubaliwa kwa maisha yote ya mwenye kuichukua.

Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 16 Machi 2020. Siku chache baadaye iliamriwa kwamba wasafiri watokao katika nchi zilizoathirika wakae karantini siku 14 kwa gharama zao wenyewe. Amri hiyo iliondolewa mwezi wa Mei mwaka huo huo. Lakini Mei hiyo ndiyo iliyokuwa nzito kwa Tunduma. Tarehe 9 Mei 2020 Zambia ilitangaza wagonjwa wapya 85, na 76 kati yao walikuwa wa Nakonde. Serikali ya Zambia ikaufunga mpaka huo kwa muda. Foleni ya malori ikasimama upande wa Tunduma, na wachuuzi ambao riziki yao ni kuvuka na kurudi wakakosa pa kwenda. Mpaka ulipofunguliwa tena, shehena ndiyo iliyotangulizwa, na madereva wakawekewa masharti ya kupimwa.

Ugumu wa jambo hili haukuwa wa kiganga peke yake. Tanzania imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tena imo katika Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, yaani SADC. Zambia imo katika SADC na COMESA, wala haimo katika ile ya kwanza. SADC ilitoa mwongozo wake wa kupitisha bidhaa za lazima mwezi wa Aprili 2020. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikaweka cheti cha dereva chenye kudumu siku 14. Dereva yule yule, mwenye shehena ile ile, aliweza kuwa halali Namanga na kuwa mashakani Nakonde. Hatimaye, Julai 2020, jumuiya zote tatu zilikubali mwongozo mmoja.

Liko pia swali la nani alipe. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zasema kwamba msafiri asitozwe ada kwa uchunguzi wa kujua afya yake wala kwa karantini aliyoamriwa, isipokuwa mtu anayetaka kuhamia. Hata hivyo nchi nyingi zilimtwisha msafiri gharama hizo. Kwa tajiri ashukaye katika ndege hilo ni usumbufu; kwa mchuuzi wa Tunduma ada ya kipimo kimoja yaweza kuzidi faida ya juma zima. Sheria ikimshinda mtu kulipa haimzuii kusafiri, bali humpeleka katika njia za panya, ambako hapana daktari wala daftari.

Tangu Mei 2021 Tanzania ilitaka cheti cha kipimo kilichofanywa ndani ya saa 72 kabla ya kufika. Na tangu Machi 2022 waliokamilisha chanjo walisamehewa sharti hilo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakati wa maradhi mgeni yule yule hushukiwa kuwa ndiye amletaye mwenyeji ugonjwa, na katika mpaka kama wa Tunduma kila mtu ni mgeni na mwenyeji kwa siku moja. Mwezi wa Machi 2025 Tanzania ilithibitisha wagonjwa wawili wa mpoksi, na mmoja wao alikuwa dereva wa lori aliyetoka nchi jirani. Ugonjwa huo waweza kujificha mwilini hata siku 21, wala hauenei kwa namna ya korona. Basi hesabu za jana haziwezi kuufaa. Yaliyobaki kuwa ya kufaa ni haya: nchi jirani zipatane mapema juu ya cheti kimoja, kipimo kisimlemee maskini, na wenyeji wa mpakani waelezwe sababu ya kila sheria kwa lugha wanayoifahamu.