Muzee Akisahau, Nani Atalinda Nyumba Yake?

Pengine katika nyumba yako yuko baba, mama, babu ao bibi anayeanza kusahau. Anauliza neno moja mara tano. Anatoka sokoni na kupotea katika njia aliyoipita miaka yote. Usiku anaamka na kusema anataka kurudi kwake, na kumbe yuko kwake. Wewe unawaza juu ya chakula chake na usingizi wake, na ni vizuri. Lakini waza pia juu ya nyumba anamolala.

Huu ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa wa ubongo. Mwaka 1906 munganga wa Ujerumani, Alois Alzheimer, alieleza wanganga wenzake mambo aliyoyaona katika ubongo wa mugonjwa mumoja wa namna hii. Kwa wengine ubongo unapunguka polepole. Kwa wengine mishipa ya damu ya ubongo imeziba, zaidi kwa wale wenye tansio. Si uchawi. Mutu huyu hakulogwa, wala yeye si mulozi. Kumufukuza kwa sababu ya maneno hayo ni ubaya mukubwa.

Kwanza umulete kwa munganga. Kuna magonjwa mengine yanayoharibu akili nayo yanaweza kutunzwa: ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbungo, kaswende, kukosa vitamini. Lakini munganga akiona ni ugonjwa huu wa kusahau, ujue kwamba hata leo dawa ya kuuponyesha kabisa haijapatikana. Watu watakuja kukuambia: «Uza kiwanja, unipe feza, nitamuponyesha.» Usiwasikie. Kiwanja kitakwisha, na ugonjwa utabaki.

Kwa nini nyumba iko katika hatari?

Kwetu Kongo mugonjwa wa namna hii anatunzwa nyumbani, na ugonjwa unaweza kuendelea miaka mingi. Basi nyumba yake ni hospitali yake. Mulango anaoujua, kiti chake, mwembe ulio mbele ya nyumba, hivi vinatuliza moyo wake. Nyumba ikipotea, kitanda chake kimepotea, na muke wake anabaki njiani pamoja naye.

Akili ikipunguka, kidole bado kinaweza kuweka alama. Hatari iko hapo. Mutu anakuja na soda na karatasi, anasema: «Baba, weka kidole hapa.» Muzee anacheka, anaweka kidole. Kesho hakumbuki. Na mara nyingi mutu huyu si mugeni. Ni mutoto wa ndugu yake, ao ni mutoto wake mwenyewe.

Mufanye nini?

1. Muanze mapema. Wakati muzee angali na akili, mukae pamoja naye, na muke wake, na watoto wote, na mashahidi wa kuaminika. Mumuulize yeye mwenyewe: unataka nani akutunze? Nani atunze karatasi? Hii si kumunyanganya, maana nyumba ni yake mupaka kufa. Kama anataka kuacha wosia, Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 inakubali wosia ulioandikwa wote kwa mukono wake, wenye tarehe na sahihi yake. Lakini wosia wa mutu asiye na akili timamu hauna nguvu. Kwa hiyo musikawie.

2. Mutazame karatasi za kiwanja. Kwa sheria ya udongo ya mwaka 1973, ushuhuda wenye nguvu ni sertifika ya ofisi ya viwanja. Karatasi ya kununulia peke yake haitoshi. Muweke karatasi zote pahali pakavu, kwa mutu mumoja, na wengine wawe na kopi. Musiharakishe kuandika nyumba kwa jina la mutoto. Mutoto akifa ao akiingia katika deni, wazee wanaweza kukosa pa kulala.

3. Muke ana neno. Kwa sheria, bwana hawezi kuuza nyumba ya jamaa bila muke wake kukubali. Mama, usiweke kidole katika karatasi ambayo hukusomewa na mutu unayemuamini. Na kama ndoa yenu haijaandikwa katika ofisi ya serikali, muiandikishe.

4. Akili ikiharibika kabisa, muende mahakamani. Muke ao mutu wa jamaa anaweza kuomba hakimu amukataze mugonjwa kuuza mali, na kumuwekea musimamizi. Kwa yule aliyepungukiwa tu, hakimu anaweza kumupa musaidizi wa kusimama pamoja naye. Mupeleke barua ya munganga.

5. Kama nyumba imekwisha kuuzwa kwa udanganyifu, musingoje. Sertifika ikiandikwa kwa jina lingine na miaka 2 ikapita bila mutu kushitaki, ni vigumu sana kuirudisha.

Feza za kumutunza zitoke wapi?

Sabuni, nguo na chakula vinakula feza. Kabla ya kufikiri kuuza, hesabuni vyumba. Kama kimoja kinaweza kupangishwa, kodi yake iwe ya mugonjwa, wala isiwe ya pombe. Watoto walio mbali walete sehemu yao kila mwezi. Muandike katika daftari nani ametoa nini na nani amelala karibu na mugonjwa. Mara nyingi binti mumoja anaamka usiku kumubadilisha nguo baba yake, na siku ya kilio ndugu wanakuja kugawanya mabati. Daftari hili litasema kweli siku ile.

Wewe uliye mutu wa kanisa, unajua amri ya kuheshimu baba na mama. Haikusema tuwaheshimu wakati wanakumbuka majina yetu tu.

Basi leo jioni, kisha chakula, uulize jamaa yako: karatasi za nyumba ziko wapi, na jina lililoandikwa ni la nani? Kama muzee bado anaweza kujibu, umusikilize vizuri.