Hofu ya maisha inavyotikisa nyumba, na namna ya kurudisha mzizi

KIGOMA. Ziwa likifungwa, karabai huzimwa na mitumbwi hupandishwa mchangani. Mialo ya Katonga na Kibirizi, iliyozoea kelele za wanunuzi wa dagaa tangu alfajiri, huwa kimya. Kimya hicho hakiishii mwaloni. Huingia hadi ndani ya nyumba.

Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Lengo lilikuwa jema, na nchi nne zinazochangia ziwa hilo zilikubaliana nalo. Lakini kwa familia inayoishi kwa dagaa, miezi mitatu ni kodi ya nyumba, ni ada ya shule, ni unga na ni sabuni.

Ndipo dalili zinapoanza. Baba aliyezoea kulala mchana kwa sababu usiku alikuwa ziwani, sasa halali mchana wala usiku. Mama anaamka saa tisa usiku na kuhesabu madeni gizani. Mtoto akivunja kikombe, anapata kipigo kisicholingana na kikombe. Kiuno kinauma, miguu ni mizito, tumbo limefunga. Ukiuliza kuna nini, unaambiwa ni mawazo tu.

Mzizi na tegemeo

Mafundisho ya yoga ya India yanasema mwili una vituo vya nguvu viitwavyo chakra. Kilicho chini kabisa, mwisho wa uti wa mgongo, huitwa muladhara. Ni neno la Kisanskriti lililounganishwa kutoka mula, yaani mzizi, na adhara, yaani tegemeo. Maandishi mashuhuri juu ya vituo hivi yaliandikwa na Purnananda mwaka 1577, na yakatolewa kwa Kiingereza na John Woodroffe mwaka 1919. Humo muladhara huelezwa kama ua lenye petali nne, na asili yake ni ardhi.

Katika karne ya 20 walimu wa Ulaya na Marekani waliongeza maelezo yanayosikika zaidi leo: kwamba chakra ya mzizi inahusu chakula, nyumba, pesa na usalama, na kwamba ikiyumba mtu hujaa hofu.

Daktari akimpasua mtu hataikuta chakra. Haimo mwilini kama figo au ini, na hakuna kipimo kinachoonyesha kwamba imefunga. Hata hivyo, hofu ya kukosa chakula na paa ipo, na mwili huionyesha waziwazi. Mwili unaoogopa hujiandaa kukimbia au kupigana: moyo hudunda haraka, misuli hukaza, usingizi hutoweka na tumbo huvurugika. Hofu hiyo ikidumu kwa wiki na miezi, mwenye nayo huchoka kama aliyebeba mzigo mchana kutwa. Kwa hiyo mfano wa mzizi una kazi yake hata kwa asiyeiamini chakra.

Mji unaojua kung’olewa

Watu wa Ujiji hawahitaji kufundishwa maana ya kung’oka na kuota upya. Mji huo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi. Wamanyema walifika hapo kutoka ng’ambo ya ziwa, wengi wao wakiwa wametekwa au wakibeba mizigo ya wengine. Walibaki, wakajenga, wakaoa na kuolewa, na leo Ujiji haiwezi kuelezwa bila wao.

Hata mwembe ambao inasimuliwa kwamba chini yake Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871 haupo tena. Miembe inayosimama sasa penye mnara wa kumbukumbu inaelezwa kuwa imetokana na vikonyo vya mwembe ule wa kwanza.

Mkoa wa Kigoma umewapokea pia waliokimbia vita Burundi na Congo, kwa vipindi tofauti tangu miaka ya 1970. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996. Na maji ya ziwa yalipopanda miaka ya karibuni, wapo waliohama nyumba zao kandokando ya ufukwe bila vita yoyote. Mzizi wa mtu unaweza kutikiswa na bunduki, na maji, au na kalenda ya uvuvi.

Mazoezi ya kumtuliza mtu

Wanaofundisha habari za chakra ya mzizi hushauri kutembea pekupeku juu ya ardhi na kuingiza miguu ndani ya maji. Ushauri huo haufai kuchukuliwa mzimamzima Kigoma. Minyoo ya safura huingilia ngozi ya mguu kutoka kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi, na hunyonya damu, jambo la hatari zaidi kwa mjamzito na mtoto. Maji ya ukingoni mwa ziwa nayo yanaweza kuwa na kichocho. Anayetaka kutembea ufukweni jioni na atembee, lakini ndala zibaki miguuni.

Zoezi salama linafanyika nyumbani. Mtu aketi kwenye kigoda au mkekani, nyayo zote mbili zikanyage sakafu ya saruji iliyofagiliwa. Azikandamize chini taratibu hadi ahisi uzito wa mwili wake umepokewa. Avute pumzi kwa hesabu ya nne, kisha aitoe polepole kwa hesabu ya sita. Baada ya dakika tano mapigo ya moyo huanza kushuka, kwa sababu pumzi ndefu ya kutoka huupa mwili ishara kwamba hatari imepita.

Mawazo ya deni yakirudi, asigombane nayo. Ataje kimoyomoyo vitu vitatu anavyoviona, viwili anavyovisikia na kimoja anachokigusa: ukuta, sufuria, mtoto aliyelala, mbwa wa jirani, upepo kwenye michikichi, ukili wa mkeka. Zoezi hili humtoa kwenye mwezi ujao na kumrudisha kwenye usiku alio nao.

Kwa wasiopenda kuchanganya yoga na dini yao, hakuna ulazima wa kutaja chakra. Mwislamu ana sijda na uradi wake, Mkristo ana sala na tenzi zake. Kinachotakiwa ni mwili kutulia na pumzi kurefuka.

Yaliyoonekana Uganda

Utulivu wa namna hii umewahi kupimwa, tena kwa watu waliopoteza mengi. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Baadhi yao walihudhuria vikao vitano vya mafunzo yaliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani. Walikaa kwa vikundi, wakasikiliza maelekezo yaliyorekodiwa na kupewa kitabu cha picha. Walijifunza kujituliza pale walipo, kuyatambua mawazo mazito bila kuburutwa nayo, na kutenda yale wanayoyathamini. Waliowaongoza hawakuwa madaktari wa akili.

Miezi mitatu baadaye, waliopata mafunzo hayo walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao ambao hawakuyapata. Hakuna aliyeuziwa jiwe jekundu, mshumaa wala mafuta ya kufungua kitu. Anayedai laki moja ili asawazishe chakra ya mtu anaongeza deni kwenye nyumba yenye deni.

Mzizi hunywa maji

Pumzi hailipi kodi. Hutuliza akili ili ifanye hesabu vizuri, na hesabu hiyo lazima ifanyike.

Wavuvi wa dagaa wamezoea kipato kinachopanda na kushuka kwa mwezi: kwenye giza taa huvuta samaki, mbalamwezi iking’aa kazi hulala. Familia inayoweka akiba kidogo kila giza, katika kikoba au kwa simu, huingia msimu wa kufungwa ikiwa na pa kushika. Bustani ya mchicha au kazi ya kukamua mawese huongeza mguu wa pili wa kusimamia.

Hesabu hiyo ifanywe na wote wawili. Mke akisema, “Baba watoto, tuketi tuyaandike madeni yote tuyaone,” amefanya zaidi ya kulalamika. Mume naye akisema kweli kuhusu anachodaiwa mwaloni, amepunguza nusu ya hofu ya mke wake. Deni lililoandikwa huwa na mwisho, lakini lililofichwa hukua kila usiku.

Chakula nacho kisiachwe. Walimu wa chakra husifu vyakula vya mizizi na vyekundu. Kigoma imevijua siku zote: ugali wa muhogo, viazi vitamu, na mawese ambayo wekundu wake hubeba malighafi ya vitamini A. Yakiungwa na dagaa wachache wakavu, mwili hupata protini na madini ya chuma. Sahani hiyo ikiliwa pamoja, baba akiwepo, watoto huona kuwa nyumba bado imesimama.

Dalili za kutopuuza

Maumivu ya kiuno yasiyokoma, homa, au maumivu wakati wa kukojoa ni mambo ya kupimwa, yasifunikwe na jina la mawazo. Vivyo hivyo, anayekosa usingizi zaidi ya wiki mbili, anayeacha kula, anayekimbilia pombe kila siku au kusema afadhali afe, apelekwe kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Asiachwe peke yake, wala asicheke mtu anayesema amechoka kuishi.

Agosti ikifika ziwa hufunguliwa na taa huonekana tena usiku juu ya maji. Baba atakayeshuka ufukweni siku hiyo akiwa na afya, na kumwacha mke na watoto wasiomwogopa, atakuwa ameuvusha msimu salama, hata kama bado anadaiwa.