Dhahabu ya Buhemba na wimbi lililopita Mara alasiri

Alhamisi ya Agosti 17, 2017, saa 9:41 alasiri, wimbi la mvutano kutoka nje ya galaksi yetu lilipita duniani kote, Musoma, Bunda na Butiama mkoani Mara zikiwemo. Hakuna aliyelihisi. Mwili wa mtu mzima ulivutika na kurudi kwa kiasi kisichofika sehemu moja ya milioni ya kiini cha atomu, kwa hiyo anayeuliza kama mawimbi ya mvutano yanadhuru afya ajibiwe bila kusita: hayadhuru.

Wimbi lilitoka kwa nyota mbili za nyutroni zilizogongana, na lilikuwa limesafiri miaka milioni 130. Nyota ya namna hiyo ni masalia ya nyota kubwa iliyolipuka: ina uzito zaidi ya jua letu, lakini upana wake ni kilomita 20 hivi tu.

Mitambo ya LIGO, Marekani, iliinasa ishara hiyo kwa sekunde 100 hivi. Kwa bahati mbaya kelele ya ghafla iliingia katika mtambo mmojawapo, ule wa Livingston, wakati huohuo, ikabidi watu wakae waichambue data wenyewe. Ishara ya mawimbi ikiwa peke yake haionyeshi vizuri ilikotoka; inahitaji shahidi aliyeona kwa macho. Shahidi wa kwanza alikuwa satelaiti Fermi, iliyoona miale ya gama sekunde 1.7 baada ya mgongano. Mtambo wa Virgo, Italia, haukusikia karibu chochote, na ukimya huo nao ukasaidia, maana ulionyesha kuwa chanzo kipo upande wa anga ambao Virgo huusikia kwa shida. Eneo la kutafuta likapungua hadi nyuzi za mraba 30 hivi, sawa na miezi mipevu 150 iliyopangwa pamoja.

Huko Chile, watafiti wa darubini ya Swope, yenye kioo cha mita moja, waliandaa orodha ya galaksi zilizo katika eneo hilo, kwa umbali ambao wimbi lilisafiri. Jua lilipozama wakaanza kupiga picha, galaksi moja baada ya nyingine. Katika picha ya tisa, ya galaksi NGC 4993, palikuwa na nukta ambayo picha za zamani hazikuwa nayo. Kwetu ilikuwa saa 8:33 usiku.

Satelaiti Swift nayo iligeuzwa kuelekea nukta hiyo, ikaona mwanga mkali wa urujuanimno uliofifia haraka. Data za Swift hushukia Malindi, Kenya, katika kituo kilekile cha Waitaliano ambako Uhuru, satelaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa Desemba 12, 1970. Siku chache baadaye mwanga uligeuka kutoka buluu kuwa mwekundu, dalili kwamba elementi nzito zilikuwa zimezaliwa palepale na kuuziba mwanga wa buluu.

Migongano ya aina hii ni chanzo kimojawapo cha dhahabu, ile wanayoisaga wachimbaji wadogo wa Buhemba, Butiama, kwenye makarasha. Iodini nyingi pia huzaliwa kwa njia hiyohiyo, nayo ndiyo tunayoila katika chumvi yenye madini joto ili tezi la shingo lisivimbe.

Si kila msako hufaulu. Aprili 25, 2019, ishara nyingine iliacha eneo la nyuzi za mraba zaidi ya 8,000, karibu moja ya tano ya anga yote. Darubini nyingi zilitafuta, hakuna iliyopata mwanga. Ndiyo maana macho yanahitajika kila pembe ya dunia, na Mara, iliyo karibu kabisa na ikweta, huona karibu anga yote, kaskazini na kusini, mawingu ya ziwa yakiruhusu.

Nukta ile ya 2017 ingeweza kunaswa na darubini ya kioo cha sentimita 30 yenye kamera, kifaa ambacho chuo au hata shule inaweza kumiliki. Jioni ya Agosti 18, NGC 4993 ilibaki juu ya upeo wa magharibi wa Musoma kwa saa tatu hivi baada ya jua kuzama. Darubini SALT ya Afrika Kusini ilitumia nafasi hiyohiyo ya jioni. Mara nayo ingeweza.