Kubandua na Kurudishia Plastiki za Nje za Gari la Chama

Gari la chama cha msingi ni mali ya wanachama wote, na mali hiyo huliwa na kutu mahali pasipoonekana. Magari mengi madogo ya mizigo yanayoletwa kutoka Japani, yakiwa yamekwisha kutumika huko, yana vipande vya plastiki nyeusi juu ya magurudumu na ubavuni mwa milango. Kazi yake ni kuikinga rangi na changarawe. Lakini gari linaloiacha lami ya Korogwe na Handeni na kushika njia za vijijini, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei, hurudi na udongo mwekundu uliojipenyeza nyuma ya plastiki hizo. Udongo huo hutunza unyevu siku nyingi baada ya mvua kukatika, na bati huoza polepole. Kwa nje gari hung'aa; nyuma ya plastiki pana tundu.

Hapana budi vipande hivyo vibanduliwe walau mara moja kwa mwaka, masika yaishapo na kabla ya kazi ya kubeba mazao. Hasara nyingi hutokana na namna ya kuvibandua. Bisibisi huchubua rangi na kuvunja klipu, na palipochubuka ndipo kutu ianzapo. Kabari ya mti mgumu, iliyochongwa ikawa nyembamba na kuviringishiwa kitambaa, yatosha kabisa.

Kwanza gari lioshwe, kisha liachwe juani, kwani plastiki baridi huvunjika upesi. Kabla ya kuvuta, fundi apapase ndani ya tao la gurudumu na chini ya mlango atafute skrubu zilizojificha. Ziko klipu zenye kichwa kidogo katikati: hicho huinuliwa kwanza. Nyingine hutoka kwa kabari iliyowekwa karibu nazo. Anayevuta katikati ya kipande hukivunja. Kilichobandikwa kwa utepe wa gundi kipashwe kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto, kisha uzi wa mshipi wa kuvulia upitishwe nyuma yake kama msumeno. Mabaki ya gundi huondoka kwa mafuta ya taa, kisha sabuni. Petroli isitumike.

Kutu isuguliwe kwa msasa mpaka bati safi lionekane, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, hasa kwenye kingo za matundu ya klipu, na rangi ikauke kabisa.

Wapo mafundi ambao, klipu zikivunjika, hutoboa bodi na kupiga skrubu za chuma. Kazi hiyo huonekana imara siku ya malipo tu. Kila tundu jipya ni mlango wa maji. Katibu aikatae. Klipu ni kitu cha bei ndogo, lakini bati la tao likioza hukatwa na kuchomelewa jingine, na gari hulala gereji wakati wa mavuno, chama kikikodi gari la mtu.

Kipande hurudishwa kwa kulinganisha matundu yote kwanza, kisha klipu moja moja ibonyezwe kwa kiganja mpaka isikike ikishika. Utepe wa gundi uwe mpya, bodi ifutwe kwa spiriti, na gari lisioshwe kwa muda wa saa 24. Katika daftari la gari, katibu aandike tarehe, idadi ya klipu zilizonunuliwa, na mahali kutu ilipoonekana, ili mwaka unaofuata fundi aanzie hapo.